MKONO WA NYANI: Hadisi ya kutunga inaweza kujenga kanisa?



Mwisho wa mwaka 2023 vijana wa kanisa letu hapa Kanyaruchinya walikuja kwangu jioni. Mmoja alishika kitabu kidogo cha Kifaransa, kizee, kisicho na jalada. Wakaniambia:

— Papa Pasta, siku ya vijana tunataka kucheza teatre. Lakini si ile ya mwana mpotevu. Ile watu wote banaijua. Mbele tuanze, bamekwisha kucheka.

— Munataka kucheza nini basi?

— Mkono wa nyani.

Nilicheka. Walinisomea hadisi yote, na mwisho wake sikucheka tena. Nikawaambia wanipe siku tatu za kuomba. Ninataka kuwaeleza namna ile hadisi ilivyotufikisha mbali kuliko tulivyofikiri, na namna mimi mwenyewe nilivyosahihishwa.

HADISI YENYEWE

Aliyeiandika ni Mwingereza, W. W. Jacobs, aliyezaliwa London mwaka 1863. Hadisi ilitoka mwaka 1902. Ni fupi, unaweza kuisoma yote kabla maharagi hayajaiva.

Papa, mama na kijana wao wanaishi katika nyumba ndogo. Usiku mmoja wa mvua anafika mgeni, askari mzee aliyerudi kutoka India. Mfukoni ana mkono wa nyani uliokauka. Anaeleza kwamba mtu mmoja kule, aliyehesabiwa kuwa mtakatifu, aliutia nguvu: watu watatu wataupata, na kila mmoja ataomba mambo matatu. Alitaka kuonyesha kwamba anayejaribu kugeuza njia ya maisha yake kwa nguvu za namna ile anajiletea huzuni. Mtu wa kwanza kuupata, ombi lake la tatu lilikuwa kufa. Askari anautupa motoni. Papa anauokoa haraka.

Sasa sikilizeni vizuri. Yule papa hana shida kubwa. Nyumba anayo, bibi anaye, mtoto anaye. Hajui hata aombe nini. Kijana wake anamwambia kwa mchezo: omba pauni 200, umalize deni la nyumba. Anaomba.

Kesho yake kijana anakwenda kazini. Mchana mtu aliyevaa vizuri anazungukazunguka mbele ya mlango na kuogopa kuingia. Anatoka kwenye kampuni. Mtoto amekamatwa na mashini, amekufa. Kampuni haikubali kosa lolote, lakini kwa sababu ya kazi nzuri ya marehemu inaletea wazazi kitu kidogo. Kiasi gani? Pauni 200.

Nyuma ya mazishi mama anakumbuka kwamba maombi mawili yamebaki. Anamlazimisha bwana wake aombe mtoto arudi. Anaomba. Usiku wanasikia mtu anabisha mlango. Mama anakimbia kufungua, komeo linamshinda. Papa anajua namna mtoto alivyoharibika ndani ya mashini, tena amekuwa kaburini siku nyingi. Anautafuta mkono gizani na kuomba ombi la mwisho. Kubisha kunanyamaza. Mlango unafunguliwa: njia ni tupu.

KWA NINI VIJANA WALIICHAGUA

Jamaa za kariere hazina haja ya kuelezwa. Kuna vijana wetu wanaoacha masomo na kwenda kwenye machimbo ya Masisi, ya Walikale, ya Kalehe. Mbele ya kushuka ndani ya shimo, rafiki anamshauri kijana apite kwa mufumu, apewe kitu cha kufunga kiunoni ili koltani au zahabu imfuate na udongo usimwangukie. Wengine ni watoto wa kanisa kabisa. Jumapili wanaimba kwaya, Jumatatu wamefunga kamba.

Na shimo likianguka, nani anakuja nyumbani? Anakuja mtu aliyetumwa na PDG wa shimo. Ana bahasha. Anasema kwamba hakuna mwenye kosa, lakini chukueni hii kwa kilio. Jacobs aliandika habari za Uingereza zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na vijana wangu walisoma habari za jirani yao.

Katika mchezo wao pauni 200 zikawa dola 200. Mashini ikawa shimo. Askari kutoka India akawa mchimbaji mzee aliyerudi kutoka mbali. Mengine yote yalibaki.

MZEE WA KANISA ALIKATAA

Nilipoleta jambo mbele ya wazee, mmoja alisimama. Ni mtu ninayemheshimu. Amelilinda kanisa hili katika vita na katika volkano.

— Pasta, dawa ndani ya nyumba ya Mungu? Leo ni mchezo, kesho ni kweli. Tena ile hadisi ni uongo. Mutu hakuandika ile jambo juu ameiona, ameitunga tu.

Swali lake si dogo. Kanisa linalohubiri kweli linaweza kucheza jambo lisilotokea?

Nilimjibu kwa Biblia. Katika Waamuzi 9 Yotamu anasimama juu ya mlima na kuwaambia watu habari za miti iliyokwenda kutafuta mfalme. Miti inatembea na kusema! Hakuna mtu wa Shekemu aliyefikiri kwamba mzeituni ulijibu kweli, lakini wote walielewa nani ni mti wa miiba. Nathani, katika 2 Samweli 12, alimletea Daudi hadisi ya mwana-kondoo mmoja. Daudi akakasirika, akahukumu, kisha akaona kwamba amejihukumu mwenyewe. Kama Nathani angeanza kwa kumshitaki, labda mlango ungefungwa.

Na teatre? Ezekieli 4: nabii anachora mji juu ya tofali, anauzingira kama vita na kulala ubavu mmoja siku nyingi mbele ya watu. Yeremia 19: anavunja chombo cha mfinyanzi mbele ya wazee. Matendo 21: Agabo anajifunga miguu na mikono kwa mshipi wa Paulo. Wale hawakuhubiri kwa kinywa tu, walicheza ujumbe kwa mwili.

Uongo ni kumfanya mtu aamini jambo lisilo kweli ili umpoteze. Hadisi ya kutunga inasema wazi tangu mwanzo: mimi ni hadisi. Kisha inakuachia ukweli mkononi.

Mzee akasikiliza, akasema: «Sitazuia. Lakini sitakuja.» Tulipeana mkono, na mpaka leo hajageuza mawazo. Ninaandika hivi ili vijana wasifikiri kwamba asiyekubaliana nao ni mjinga. Woga wake ni wa mchungaji mwema.

KUTOKA KITABUNI MPAKA MBELE YA WATU

Vijana walifikiri kwamba wao ni wa kwanza. Niliwaeleza kwamba kazi hii ni ya zamani. Charles Dickens alitoa hadisi yake ya Noeli, yenye mizimu inayomtembelea tajiri mchoyo, tarehe 19 mwezi wa 12 mwaka 1843. Tarehe 5 mwezi wa 2 mwaka 1844 nyumba tatu za teatre kule London zilianza kuicheza siku moja. Mkono wa nyani nao haukukawia: mwaka 1903 Louis N. Parker aliufanya kuwa mchezo, ukachezwa London.

Hapa Afrika pia iko. Birago Diop wa Senegali, ambaye kazi yake ilikuwa kutibu wanyama, aliandika hadisi za wazee. Moja ni ya Mor Lam, mtu aliyependa mfupa wake wa nyama kuliko ndugu yake. Rafiki anakuja wakati wa kula, hataki kuondoka. Mor Lam anajifanya mgonjwa. Rafiki anabaki. Anajifanya mfu. Rafiki anabaki, analia naye. Mor Lam anakubali kupelekwa mpaka kaburini kuliko kugawa mfupa. Diop mwenyewe aliigeuza kuwa teatre, na mwaka 1979 Peter Brook aliicheza Ufaransa. Ninyi munaopika chakula kimoja kwa jamaa mbili wakati wa vita, munajua kwa nini ile hadisi inachekesha na kuuma pamoja.

Na sisi wa inchi ya madini tuko na urithi wetu. Kule Lubumbashi, katika mji wa shaba, kundi la Mufwankolo lilicheza kwa Kiswahili cha watu, katika radio na televizyo, michezo ambayo wafanyakazi walijiona ndani yake. Mwaka 1986 lilichukua neno moja la wazee, kwamba mamlaka huliwa mazima, likalifanya kuwa mchezo mkubwa. Hawakushika karatasi. Walipatana juu ya njia ya hadisi, kisha kila mtu alitafuta maneno yake wakati wa kucheza. Mwalimu Johannes Fabian aliandika kitabu juu ya kazi ile mwaka 1990. Ndiyo namna ambayo vijana wangu walifuata, maana si wote wanaosoma vizuri, na hakuna aliyekuwa na makuta ya fotokopi.

SHIDA YA KUBISHA MLANGO

Jambo moja lilitusumbua. Nguvu ya ile hadisi iko katika mlango unaobishwa usiku. Katika kitabu ni maneno tu. Mbele ya watu lazima yasikike.

Siku ya mazoezi kijana alipiga ubao kwa nguvu, mara tatu. Watoto waliokuwa wanatazama wakakimbia. Mama mmoja aliyekuwa anapita na maji aliweka bido chini na kushika kifua. Wakati ule Kanyaruchinya ilijaa wakimbizi wa vita kutoka Rutshuru, chini ya mashiti, juu ya mawe ya volkano. Wale watu, mlango ukibishwa usiku, si hadisi. Wengine waliacha nyumba zao kwa sababu ya mlango kama ule.

Vijana wakabishana. Mmoja akasema: «Tuache, teatre inapashwa kuogopesha.» Msichana aliyecheza mama akajibu: «Kuogopesha nani? Hawa bamekwisha kuogopa. Sisi tunataka bafikiri.» Niliona kwamba binti huyu amepita pasta wake.

Wakatafuta njia ingine. Nyuma ya shiti walimwaga mawe madogo ya volkano, yale meusi mepesi. Kijana akavaa viatu vya kariere, akatembea juu yake polepole. Krr. Krr. Krr. Kila mtu wa kwetu anajua sauti ile: ni mtu wako anarudi nyumbani. Unamjua kwa hatua zake mbele hajasema hodi. Ndiyo sauti ambayo mama wa mchezo aliingojea, na ndiyo sauti ambayo papa aliizima.

Shida ya pili ilikuwa mwisho. Vijana fulani walitaka pasta aingie, aombe, na marehemu afufuke mzima, watu wapige vigelegele. Nilikataa. Yesu alimwita Lazaro, ndiyo, tunaamini. Lakini katika kanisa letu kuna wamama walioomba siku tatu bila kula, na mtoto hakuamka. Tukicheza ufufuko wa bei nafuu mbele yao, tunawaambia kwamba imani yao ilipungua. Paulo aliwaandikia Watesalonike kwamba tunahuzunika, lakini pamoja na tumaini. Hakuandika kwamba hatuhuzuniki. Tukaacha njia ikae tupu, kama katika kitabu.

SIKU YA MCHEZO

Tulicheza mchana nyuma ya ibada, kwa sababu usiku haukuwa salama. Mkono wa nyani ulikuwa kipande cha mti kilichofungwa matambara na kupakwa makala. Watu walijaa mpaka nje.

Mwanzoni walicheka sana. Mchimbaji mzee alicheza vizuri, na papa alipoficha mkono ndani ya koti watoto walipiga kelele: «Tupa! Tupa!» Kisha akaingia mtu wa PDG na bahasha. Kicheko kikaisha. Alipohesabu zile dola mbele ya papa na mama, moja moja, nilisikia mama mmoja nyuma anasema kwa sauti:

— Rudisha ile makuta!

Mwingine akasema: «Rudisha!» Kisha karibu watu wote. Kijana aliyecheza papa alibaki na bahasha mkononi, hajui afanye nini, maana jambo hili hatukulipanga. Mwisho aliiweka chini, akakaa, akalia. Sijui kama alikuwa anacheza.

Mwisho wa mchezo nilisimama kuhubiri. Nilisema kwa nguvu juu ya dawa, juu ya mufumu, juu ya kupenda makuta. Nilisema kwamba anayepokea makuta ya damu amekula mtoto wake. Watu walijibu amina.

MAMA ALIYENINGOJEA

Watu walipotawanyika, mama mmoja alibaki kwenye benchi. Ni mmoja wa wale waliokimbia vita. Akaniuliza kwa sauti ndogo:

— Pasta, mutoto wangu alifia ndani ya shimo. Balileta bahasha. Ile makuta nilikula. Nilinunua unga na sabuni, nilizikia naye sanduku. Mi ni mubaya?

Nilinyamaza. Niliona kwamba nilikuwa nimehubiri haraka kuliko hadisi yenyewe. Nilikaa karibu naye, nikamwambia:

— Hapana, mama. Nimekosea mimi. Yule papa aliomba makuta wakati alikuwa na yote. Wewe uliomba nini?

— Niliomba mutoto arudi kula mangaribi.

— Basi ombi lako lilikuwa zuri. Ile bahasha haukuiita. Balikuletea. Watoto waliobaki walikuwa na njaa.

Akalia, nami nikalia. Kisha tukaomba.

Wapenzi, hapa ndipo nilipojifunza. Kosa la papa si kupokea bahasha. Kosa lake lilianza usiku ule, alipotaka kupata bila kazi na bila Mungu, kwa kitu alichoambiwa kwamba kimeua. Na wale wenye kampuni? Katika hadisi wanasema kwamba hawana kosa, wanalipa, wanaondoka. Mimi nilimpiga mama kwa maneno, nikasahau kumwuliza mwenye shimo kwa nini hakuweka miti ya kushikilia udongo. Nabii Nathani hakwenda kwa mjane. Alikwenda kwa mfalme.

Jumapili iliyofuata nilisahihisha mahubiri yangu mbele ya watu wote.

Kijana aliyecheza marehemu alikuwa amepanga kwenda kwenye machimbo mwezi uleule. Alikwenda. Singeweza kumzuia, nyumbani hakuna chakula. Lakini mbele ya kuondoka aliniachia kamba moja yenye kitu kilichoshonwa ndani ya ngozi. Akasema tu: «Pasta, hii nilinunua dola kumi. Choma.» Tulichoma pamoja.

Mwezi wa 2 mwaka 2025, nyuma ya Goma kutekwa, makambi yalivunjwa na wale wakimbizi wakatawanyika. Yule mama sijui amefika wapi. Msomaji, ukimjua mama wa namna ile katika kanisa lako, usimwulize habari za bahasha. Mwulize jina la mtoto wake.

HADISI INGINE INAYONGOJA

Sasa vijana wananiuliza habari za hadisi za wakati ujao, zile za mashini na sayansi. Nimewapa moja ya Mwingereza E. M. Forster, ya mwaka 1909. Watu wote wanaishi chini ya udongo, kila mtu peke yake chumbani, na mashini inawaletea chakula, hewa na sauti. Mama na mtoto wanaonana ndani ya kioo tu. Mtoto anamsihi mama aje amwone uso kwa uso, kwa maana ametamani kuona nyota. Mama hana nafasi. Siku moja mashini inasimama.

Mwaka 2016 ilichezwa katika mji wa York, Uingereza. Lakini ninafikiri ni yetu zaidi. Sisi tunajua kukaa chini ya udongo. Na koltani inayotoka huko inaingia ndani ya telefone, ambayo mtoto anaiangalia mezani wakati mama yake anamsemesha.

SHAURI KWA VIJANA WANAOTAKA KUCHEZA

1. Chagueni hadisi fupi yenye watu wachache. Watu wanne wanatosha.
2. Isomeni wote, kisha fungeni kitabu. Kila mtu aieleze kwa maneno ya nyumbani kwake.
3. Ulizeni: ni kitu gani watu hawapashwi kukiona? Chenye kufichwa kinasema zaidi.
4. Fikirini nani atakuwa anatazama na alipita wapi. Msifungue kidonda kwa kutafuta makelele.
5. Waelezeni wazee mbele ya kuanza. Wakikataa, ngojeni.
6. Nyuma ya mchezo acheni watu waseme. Na pasta asikilize kwanza.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

Kama tungepewa ombi moja leo, kila mtu angeomba nini? Kati ya vitu tulivyo navyo sasa, ni kipi ambacho hatuwezi kukubali kukilipa kwa ajili ya ombi lile? Na nani katika jamaa yetu anangojea kusikia hatua zetu juu ya mawe jioni hii?

Bwana awalinde wote wanaoshuka chini ya udongo, na wote wanaowangojea juu. Amina.